Programu Iliyogoma Kufunguka Ofisini

Wazazi wengi katika makambi na nyumba za polisi wana vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Kijana hukesha mbele ya mashine wiki nyingi, kisha asubuhi moja humwita mama yake amwonyeshe alichokifanya. Tuseme ni daftari la duka la ushirika la wake wa askari, lenye kupokea mauzo, kujumlisha madeni na kutoa hesabu ya mwezi kwa kubonyeza mara moja. Mama hufurahi, huichukua kazi hiyo kwa flashi mpaka ofisi ya ushirika, katibu hubonyeza mara mbili, na hapana kitu. Ama dirisha dogo jeusi huchomoza na kutoweka kabla mtu hajasoma neno, ama mashine huuliza faili hilo lifunguliwe kwa kutumia nini. Katibu hurudi kwenye daftari lake la karatasi, na jasho la wiki nyingi hupotea hapo hapo.

Ndugu msomaji asidhani kwamba kijana huyo hajui kazi. Aghalabu programu yenyewe haina kasoro. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya kazi, ile ambayo vitabu vingi vya mafunzo huipitia mbio mbio. Nusu hiyo ni kuijenga programu kutoka maandishi yake ya asili mpaka iwe kitu kimoja chenye kubebeka, kisha kukifunga kitu hicho pamoja na kila kinachohitajiwa, ili kifanye kazi kwenye mashine ya mtu asiyejua habari zake. Askari analielewa jambo hili kuliko watu wengi. Anayepelekwa lindo la mbali hachukui bunduki peke yake. Hubeba na risasi, na maji, na kiberiti, na chakula cha siku hizo, kwa kuwa huko aendako hakuna bohari.

Tutaitazama lugha ya Java, maana ndiyo inayoonyesha tabu hii waziwazi. Lugha hii ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na mtu anayehesabiwa kuwa baba yake ni James Gosling. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun, na Java ikahamia kwa mwenyeji mpya. Ahadi iliyoifanya ipendwe ni kwamba mwandishi ataandika mara moja tu, na kazi yake itakwenda katika kompyuta ya aina yoyote. Siri yake ni hii: maandishi ya mwandishi hayageuzwi kuwa lugha ya mashine fulani, bali hugeuzwa kuwa lugha ya katikati iitwayo baitikodi, isiyo ya mashine yoyote. Katika kila kompyuta hukaa mkalimani, ambaye wataalamu humwita mashine ya Java, naye huisoma baitikodi hiyo na kuifikisha kwa mashine aliyomo. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na sharti moja, kwamba mkalimani awepo. Katika ofisi ya ushirika hakuwepo.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue programu ya kweli, tena inayojulikana Afrika ya Mashariki. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Mwaka uliofuata Immanuel Scholz akaanza kuandika kwa Java programu ya kuihariri ramani hiyo mezani, iitwayo JOSM, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Januari 2006. Ndiyo programu iliyotumiwa jijini Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia mitaani pamoja na wananchi, wakaandika nyumba, vichochoro na mifereji ya kata zinazofurika maji, kisha wakayaingiza hayo katika ramani. Mji ule ulikuwa umekwisha kuona mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwafukuza wengi majumbani mwao. Polisi au mwanajeshi aliyewahi kutumwa kuokoa watu usiku katika mtaa usio na ramani hahitaji kuelezwa faida ya kazi hiyo.

Sasa fikiri programu ya namna hiyo ikipelekwa kwenye ofisi ya kata yenye kompyuta moja ya zamani na intaneti inayokatika, kisha ikagoma kufunguka siku mvua inapoanza. Ndipo mtu hutambua kwamba kufunga programu si urembo wa mwisho.

JOSM hutolewa pamoja na msimbo wake chanzo, yaani yale maandishi ya asili yaliyoandikwa na binadamu, chini ya leseni ya GPL. Mtu yeyote anaruhusiwa kuyachukua, kuyasoma, kuyabadili na kuyajenga upya, ila akimgawia mwenziwe programu aliyoijenga hana budi kumwezesha kuyapata maandishi hayo pia. Ni mafaili mengi sana ya Java, yaliyopangwa katika mikoba ndani ya mikoba. Kila faili hutafsiriwa na chombo kiitwacho javac, likazaa faili la klasi lenye baitikodi. Mtu akilichungulia faili la klasi kwa hesabu ya tarakimu kumi na sita, baiti nne za mwanzo atazisoma CAFEBABE. Ni mzaha wa waanzilishi, nao haukufutwa mpaka leo.

Baada ya mzaha huo hufuata jambo zito, nalo ni namba ya toleo. Faili lililotafsiriwa kwa ajili ya Java 8 huandikwa 52, la Java 11 huandikwa 55, na la Java 17 huandikwa 61. Mkalimani wa zamani akikutana na namba kubwa kuliko aijuayo hukataa papo hapo, hata kama ndani hamna neno moja geni kwake. Hapa ndipo panapowaangusha vijana wengi. Nyumbani ana Java mpya, ofisini iko ya miaka kumi nyuma, naye hulaumu flashi. Dawa ni kumwagiza javac, kwa amri yake ya release, kwamba kazi hii itakwenda kwa mkalimani wa toleo fulani. Hapo javac hataandika namba hiyo peke yake, bali atamzuia mwandishi asitumie neno ambalo toleo hilo halikuwa nalo.

Kutafsiri mafaili mamia kwa mkono hakuwezekani, na hata kwa machache si busara, maana mtu husahau moja na kuchanganya jipya na la zamani. Kwa hiyo kuna wasimamizi wa ujenzi. JOSM hutumia Ant, chombo kilichobuniwa na James Duncan Davidson alipokuwa Sun, na kikatolewa peke yake mwaka 2000. Kabla yake wajenzi walitumia chombo cha zamani kiitwacho make, ambacho huhesabu nafasi tupu mwanzoni mwa mstari kuwa ni sehemu ya amri. Ukiweka nafasi ya aina moja mahali pa nyingine, jengo lote huanguka na jicho halioni kosa. Davidson alichoshwa na jambo hilo, na mtu aliyepoteza usiku mzima kutafuta kosa lisiloonekana hawezi kumlaumu.

Katika Ant, maagizo yote huandikwa katika faili moja liitwalo build.xml: tafsiri haya, nakili picha zile, kusanya, funga. Aliyeuchukua msimbo wa JOSM huingia katika mkoba wake, huandika neno ant, kisha husubiri. Mwishoni, katika mkoba uitwao dist, hukuta faili josm-custom.jar. Neno lile custom laonyesha kwamba limejengwa na mtu mwenyewe, halikutoka mikononi mwa wenye mradi. Mara ya kwanza kazi hii huhitaji intaneti, kwa sababu JOSM husimama juu ya maktaba zilizoandikwa na watu wengine, nazo hazina budi kuletwa kwanza. Wajenzi wengine siku hizi hupendelea Maven au Gradle. Mabishano juu ya kipi bora ni marefu kama ya mpira, na sitayaingia. Muhimu ni kwamba ujenzi uwe wa amri moja, na amri hiyo impe mtu wa pili kile kile ilichompa mtu wa kwanza.

Faili la JAR ni nini hasa? Ni mfuko wa zip wa kawaida, nawe ukiufungua utaona mafaili ya klasi, picha, na mkoba uitwao META-INF. Ndani ya mkoba huo mna hati ya mzigo, na katika hati hiyo mna mstari unaotaja klasi ya kuanzia. Bila mstari huo mkalimani hupokea mfuko mzima asijue aanzie wapi, kama askari mgeni aliyekabidhiwa kikosi bila kuonyeshwa ofisi ya mkuu. Tena hati hiyo ni lazima imalizike kwa mstari mpya, la sivyo mstari wake wa mwisho huenda usisomwe. Ni jambo dogo mno, nalo limekwisha kuwanyima watu wengi usingizi.

Picha nazo zina hila yake. Kijana akijaribu kazi yake kwenye Windows, faili Nembo.png na nembo.png ni kitu kimoja kwa mashine hiyo. Zikiisha kuingia ndani ya JAR, ni vitu viwili mbalimbali. Programu iliyopendeza nyumbani hufunguka ofisini ikiwa na vitufe vitupu, au isifunguke kabisa. Basi majaribio yafanywe kwa JAR yenyewe. Programu iliyojaribiwa ndani ya chombo cha mwandishi tu bado haijajaribiwa.

Tukifika hapa tumekwisha kujenga. Zamani kazi ingekwisha, maana mtumiaji aliambiwa apakue Java ya kuendeshea, iwekwe mara moja, na programu zote za Java ziitumie. Mambo yaligeuka Septemba 2018 lilipotoka toleo la 11. Oracle iliacha kutoa Java ya kuendeshea peke yake kwa toleo hilo, na njia ya kale ya kuzindua programu kutoka mtandaoni, iliyoitwa Web Start, ikaondolewa. Wengi waliona wametupwa. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa haki, ingawa ulitangulia dawa yake: haikuwa sawa kumwambia mwuguzi au katibu wa ushirika atunze mkalimani asiyemjua, wa programu asiyoiandika. Mzigo huo ni wa aliyeiandika.

Dawa ilikuja kwa sehemu mbili. Ya kwanza ilikwisha kuwepo tangu Java 9 ya mwaka 2017, nayo ni jlink. Tangu toleo hilo Java yenyewe imegawanywa katika moduli, na jlink hukata zile zinazohitajiwa tu na kufanya mkalimani mdogo. Java nzima ya mwandishi ikifunguliwa huchukua mamia ya megabaiti, ilhali mkalimani aliyekatwa vizuri huchukua makumi tu. Sehemu ya pili ni jpackage, iliyoonekana kwa majaribio katika Java 14 mwezi Machi 2020, ikathibitishwa katika Java 16 mwezi Machi 2021. Hiyo huchukua JAR na mkalimani wake, ikatoa kifurushi cha kusakinisha kinachojulikana na mashine husika: exe au msi kwa Windows, dmg au pkg kwa kompyuta za Apple, deb au rpm kwa Linux. Mtumiaji hubonyeza, hufuata maelekezo, na neno Java halimhusu tena.

Wako wanaolalamika kwamba ni ubadhirifu kila programu kubeba mkalimani wake. Hesabu hiyo ni kweli katika kompyuta yenye programu kumi za Java. Katika kompyuta ya ofisi ya kata yenye moja, sioni la kujadili.

Yafaa kujua, hata hivyo, kwamba jpackage haivuki mipaka. Kifurushi cha Windows hujengwa ndani ya Windows, cha Linux ndani ya Linux, na cha Apple kwenye mashine ya Apple. Kwenye Windows huhitaji pia chombo kingine kiitwacho WiX ili kutoa exe au msi. Asiye nacho anaweza kutoa mkoba mtupu wenye programu na mkalimani, nao huenda kwa flashi na kufanya kazi bila kusakinishwa. Katika ofisi ambazo mtumishi hana ruhusa ya kusakinisha kitu, mkoba huo ndio msaada mkubwa zaidi. Na anayetoa msi akumbuke kuagiza njia ya mkato na nafasi katika menyu. Asipoagiza, programu husakinishwa kimya kimya, na katibu atakuletea malalamiko kwamba haikuingia, kumbe imo.

Hatari iliyojificha zaidi imo katika ule ukataji wa jlink. Kuna chombo cha kukagua, jdeps, kinachotaja moduli ambazo programu inazihitaji, na mtu huandika orodha yake kwa kukifuata. Lakini moduli nyingine haziitwi kwa jina katika msimbo. Huitwa chini kwa chini wakati programu inapokwenda, na jdeps haizioni. Moja ni jdk.localedata, yenye majina ya siku na miezi na desturi za tarakimu za lugha za dunia. Ukiiacha, mkalimani wako hubaki na Kiingereza. Programu iliyoandika Jumatatu na Januari nyumbani kwa kijana, ikifika kwa katibu huandika Kiingereza kitupu, na hakuna kosa linalotangazwa popote. Dawa ni kuitaja moduli hiyo kwa mkono, na jlink huruhusu kuchagua lugha ili mzigo usizidi: Kiingereza na Kiswahili, basi. Katika matoleo ya kabla ya Java 22, moduli ya pili ya namna hii ni jdk.crypto.ec, yenye sehemu ya elimu ya kuficha mawasiliano. Ikikosekana, programu hufunguka vizuri, lakini ikitaka kuzungumza kwa siri na mtambo wa mbali huenda ikakataliwa. Mhariri wa ramani asiyeweza kupeleka alichochora ni sawa na redio isiyosema.

Wasomaji wetu wa polisi watauliza: nitajuaje kwamba kifurushi nilichopokea ndicho kilichotumwa? Anayetuma hupiga hesabu ya SHA-256 juu ya faili, ikatoa alama 64, naye huzitangaza kwa njia nyingine isiyokuwa ile flashi. Anayepokea hupiga hesabu ile ile, kwa certutil kwenye Windows au sha256sum kwenye Linux, akalinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo lisifunguliwe. Zaidi ya hapo iko sahihi ya kidijitali. Windows na Apple huwaonya watu juu ya programu isiyo na sahihi inayotambulikana, na kuipata sahihi hiyo hugharimu fedha. Kwa daftari la duka la ushirika, ile hesabu yatosha.

Yako mambo ya kufanya baada ya kifurushi kuondoka mikononi. Desemba 2021 dunia ya Java ilitikiswa kwa kasoro katika maktaba iitwayo Log4j, iliyomwezesha mtu wa mbali kuiamrisha kompyuta ya mwingine kwa kutuma maneno fulani tu. Marekebisho yalitoka zaidi ya mara moja ndani ya mwezi huo. Tabu kubwa ya watu wengi haikuwa marekebisho, bali kujua kama maktaba hiyo imo ndani ya programu zao. Ilikuwa imefungwa ndani ya JAR iliyofungwa ndani ya JAR nyingine, na aliyezifunga hakuacha orodha. Hali kadhalika, mkalimani aliyemo katika kifurushi chako hatarekebishwa na mtu mwingine. Marekebisho ya usalama ya Java hutolewa kila Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na aliyefunga hana budi kufunga upya na kupeleka. Mama akimwuliza kijana wake mbona programu iliyokwisha bado inamshughulisha, jibu ni hilo. Kijana naye aweke orodha ya maktaba zake na matoleo yake tangu siku ya kwanza, pale pale penye msimbo.

Jaribio la mwisho lafanywa kwenye kompyuta ambayo Java haijapata kuingia. Mashine ya mwandishi haifai kwa kazi hii, kwa sababu ina kila kitu na huficha kila upungufu. Aazime kompyuta ya jirani, aikatie intaneti, asakinishe, aingize mauzo mawili matatu, azime, awashe, atazame kama yamo.

Hapo ndipo huonekana jambo la mwisho, ambalo kwa duka la ushirika ndilo lenye fedha ndani yake. Vijana wengi huagiza programu iandike hesabu zake katika mkoba ule ule ilimosakinishwa. Kwenye Windows mkoba huo kwa kawaida ni wa kusomwa tu kwa mtumiaji asiye mkuu wa mashine, hivyo uandishi hukataliwa. Hata pale unapokubaliwa, siku toleo jipya likisakinishwa la zamani hutolewa, na madeni ya miezi sita yaweza kutoka nalo. Hesabu ziandikwe katika mkoba wa mtumiaji mwenyewe, mbali na programu, na katibu aonyeshwe mahali hapo ili kila Ijumaa azinakili kwenye flashi ya pili, aifungie kabatini pamoja na stakabadhi.